Sahani Zilizorudi Tupu

Manesi ndio waliompachika mpishi wa kantini ya hospitali jina la Bi Darubini. Midomo ya watu hakuiamini hata siku moja. Mtu anaweza kukusifia chakula huku anakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, lakini sahani haina adabu hiyo. Kwa hiyo kila mchana, mwaka wa kumi na tisa sasa, alisimama kwenye dirisha la kurudishia vyombo akichungulia kilichobaki.

Jumatatu msimamizi mpya alileta kreti ya vikabichi vidogo, kila kimoja kama gololi kubwa ya kijani.

"Mama, hivi ndivyo vya wiki nzima."

Machale yakamcheza Bi Darubini. Bwana huyu alikuwa na mazungumzo marefu mno na kampuni moja ya kuuza chakula cha kufungasha.

Mpishi akavichemsha saa nzima. Harufu ikatanda mpaka wodi ya mifupa, kama mtu amevunja yai viza. Sahani zikarudi na vikabichi vyote, vingine vimefichwa chini ya ngozi ya kuku.

"Alhamisi vikirudi tena, jiko tunalifunga," msimamizi akasema. "Chakula kitaletwa kimefungwa."

"Na sisi?"

"Tutaona."

Maana ya tutaona aliijua. Unga ulikuwa unamwagika hivyo, anauona.

Muosha vyombo alikuwa wifi yake, dada wa mumewe. "Wewe umeviua kwa maji," wifi akamwambia. "Vikate nusu nusu, vikaushe kwa kitambaa. Mafuta yakishika moto, vilaze upande uliokatwa. Halafu viache. Usiviguse."

"Viungue?"

"Vibabuke kidogo, ndipo utamu unapotoka. Kaka yangu naye, kaoa mkono wa kukoroga tu."

"Na utaalamu huu umeuokota wapi?"

"Mbona unanihoji kama polisi, wifi?"

Bi Darubini akamkata jicho. Wifi alikuwa akilimezea mate jiko hilo tangu zamani. Huenda alitaka viungue kweli, yeye afukuzwe, wifi abaki anafunga aproni. Lakini njia nyingine hakuwa nayo.

Alhamisi akavilaza kwenye kikaango kipana, akarudisha mikono nyuma ili isimponze. Vikachachatika. Akainua kimoja kwa ncha ya kisu: chini kimekuwa kahawia kama mkate uliobanikwa. Mwishoni akatia kitunguu saumu, maana kikiingia mapema huwa kichungu, kisha chumvi na maji ya ndimu. Kuonja hakuthubutu.

Sahani zikaanza kurudi. Tupu. Nyingine zimepanguswa kwa mkate mpaka zinang'aa.

Hapo ndipo roho ilipomruka zaidi. Wamevitupa wapi? Akachokoa pipa la taka kwa upawa. Akainama chini ya mabenchi. Akafukua hata udongo wa chungu cha maua dirishani. Kisha akamwona mlinzi wa geti anatoka, mfuko wa koti umevimba.

"Baba, hebu toa hicho."

Mlinzi akatoa karatasi iliyoloa mafuta. Ndani, vikabichi vitano.

"Nilijua. Unakwenda kuvimwaga wapi?"

"Nimwage nini, mama? Nakwenda kuvila getini kwa raha zangu. Pale mezani dereva wa ambulensi ananidokolea." Akatia kimoja mdomoni. Bi Darubini akamkodolea macho kooni mpaka akaona amemeza.

"Fungua mdomo."

Mzee wa watu akafungua.

Aliporudi jikoni alimkuta msimamizi amesimama na sahani yake mkononi.

"Vimebaki?" akauliza kwa sauti ya chini.

Mtego huo, Bi Darubini akawaza. Nikisema vimebaki, ataandika kwamba havikuliwa. Akafunika kikaango haraka. "Vimekwisha."

Msimamizi akavuta pumzi kwa pua, akakitazama kifuniko. "Basi Jumatatu naleta kreti mbili. Yale mambo ya kufungasha tuyaache kwanza."

"Mbili za nini?"

"Za kula, mama."

Bi Darubini akamsindikiza kwa macho mpaka alipopinda kona ya maabara. "Kreti mbili," akamwambia wifi yake. "Huyu ana lake jambo."

"Ana njaa." Wifi alikwishafunua kifuniko, vidole vimemlowa mafuta.

Bi Darubini akachukua kimoja, akakigeuza, akakinusa, akakiuma. Nje kilivunjika menoni, ndani kilikuwa laini na kitamu kidogo kama njugu. Akatafuna mpaka kikaisha.

"Sogea huko," akasema hatimaye, akakivuta kikaango upande wake wa meza.