Bendera ya Lelemama

Harufu ya kafuri katika duka la Nizwa ilinirudisha Ibra, nyumbani kwa bibi, nikiwa mtoto. Sandukuni mwake, kwenye kafuri, alihifadhi bendera ya hariri ya chama chao cha lelemama, ngoma ya wanawake, aliyokimbia nayo kutoka Unguja. Wenziwe wote walikwisha kufa.

Siku moja ami, mwanawe, aliitoa sandukuni, akaitia moto uani. Ilinuka kama nywele zinazoungua.

Bibi alipotoka kusali, ami alimwambia, "Mama, mambo haya ya ngoma yanatutia aibu hapa."

"Siku ya mapinduzi, walipomuua baba yako, wanawake wa bendera hiyo ndio waliokuficha uvunguni. Ulikuwa mdogo, mwanangu, hukumbuki."

Ami alitia mikono motoni. Alitoa kipande cha pindo, vidole vimembabuka.

Bibi hakukipokea. Alirudi ndani, akafunga mlango.