Beseni Lililokatika

Ilikuwa mwaka elfu mbili na kumi na moja. Hapana, nakosea. Kumi na moja ndio mashine ya kuchapa kwa rangi ililetwa, ikakaa ndani ya boksi lake miezi mingi kwa sababu bosi aliogopa itachafuka. Basi iwe kumi na mbili. Mwaka huo ndio mashine ilianza kutoa karatasi zenye mistari, na mwaka huo ndio nilimjua Fundi Unga.

Mimi nilikuwa tarishi wa ofisi ya maji. Nilipeleka bahasha, nikarudi na sahihi, na katikati ya hapo nilikaa kwenye benchi mbele ya kaunta nikiwaonyesha watu mwisho wa foleni, maana kila mtu anapenda kujifanya hauoni. Mashine iliwekwa pembeni mwa kaunta, karibu na dirisha. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa jirani yake, na ikianza kulalamika nilikuwa wa kwanza kusikia.

Jina la Unga alipewa na watu wa maofisini. Kila aliyemwita alisema njoo ututilie wino, naye hakuchoka kueleza kwamba printa ya leza haina wino wa maji, ina unga, laini kuliko wa kupikia, unaolazwa juu ya karatasi kisha unachomwa na joto mpaka unashika. Ukiona maandishi yanafutika kwa kidole, alisema, ujue pale kwenye joto ndipo penye ugonjwa. Alikuwa mrefu, mwembamba, amepinda kidogo mabegani kwa kuinamia mashine za watu, na kucha zake hazikuwahi kuwa na rangi moja.

Siku ya kwanza alipofungua mlango wa mashine alichomoa dramu, ile roli inayong'aa, akaifunika haraka kwa kitambaa cheusi. Akasema haitaki mwanga. Ukiisahau dirishani itakuwekea kivuli kwenye kila karatasi. Mimi nikainuka nikavuta pazia. Nadhani ni hapo aliponipenda, kwa sababu tangu siku hiyo alikuwa akifika ananisalimia mimi kabla ya bosi.

Mafundi wengine wakitaka kupima mashine huchapisha ukurasa wa vijisanduku vya rangi. Yeye alikuwa na flashi aliyoivaa shingoni kwa kamba ya kiatu, na ndani yake picha moja. Mwanamke amesimama mbele ya geti jeusi. Amevaa gauni la njano, mtandio wa waridi iliyokolea, na kiunoni ameegemeza beseni la bluu. Rangi zote nne za mashine zimo, kila moja mahali pake. Na huyo mwanamke anacheka kama mtu aliyeambiwa asicheke.

Mhasibu wetu, mama wa maneno mengi, akachungulia. "Fundi, leo umetuletea wifi?"

"Huyo dada yangu," akajibu bila kugeuka. "Wifi bado natafuta. Huna mdogo wako?"

Ofisi nzima ikacheka, na mhasibu akacheka zaidi ya wote.

Lakini picha ilitoka na dosari. Mstari mweupe, mwembamba, ulikuwa umeshuka wima ukalikata beseni vipande viwili. Akaniinamishia karatasi nione: gauni zima, mtandio mzima, geti zima. Basi mgonjwa ni bluu peke yake. Yangekuwa madoa yanayojirudia kwa nafasi zilezile angeshuku roli. Lakini mstari ulionyooka hivi, unaofuata njia ya karatasi, maana yake kuna kitu kinaziba mwanga. Akafuta kioo chembamba cha upande wa bluu kwa kitambaa kikavu, polepole, kama anamfuta mtoto jicho. Alipochapisha tena, beseni lilikuwa zima.

Ile nzuri akanipa niibandike ukutani, juu ya mashine, ili akirudi siku nyingine alinganishe rangi zimepungua kiasi gani. Ile yenye mstari alitaka kuikunja atupe. Nikamzuia. Tarishi hatupi karatasi yenye upande mmoja mweupe. Nikaiweka juu ya kaunta pamoja na nyingine za watu kuandikia.

Baada ya hapo nilianza kumwona yule dada kila nilikopeleka bahasha. Stoo ya hospitali alikuwepo, gauni lina madoadoa. Kwa mwalimu mkuu alikuwepo, kapauka mwili mzima, maana shule ilikuwa inakamua tona, ule unga wa mashine, mpaka chembe ya mwisho. Duka la vifaa vya ofisi alikuwepo, amependeza. Nikawa namsalimia kimoyomoyo. Shikamoo dada, hata huku umefika.

Siku moja tunakunywa chai kwenye benchi langu, nikamuuliza fundi. Akanieleza kwa mkato. Mama yao alifariki yeye akiwa mdogo sana. Dada akaacha shule, akashika lile beseni, akawa anafulia watu, na ufundi wa umeme aliosomea fundi umetoka humo kwenye mapovu. Gauni la njano fundi ndiye aliyemnunulia dada kwa mshahara wake wa kwanza, na picha akampiga siku hiyo hiyo, kwa kamera ya kuazima. Muda si mrefu dada akapata kazi za nyumbani kwa familia moja iliyokuwa inahamia mbali. Mwanzo alikuwa anapiga simu. Kisha ile familia ikahama tena, na namba yake ikaanza kupokelewa na mwanamume mkali asiyemjua mtu. Fundi aliwahi kufika mpaka kwenye nyumba ile, akakuta wapangaji wengine.

Nikamwambia, mwanangu, kwa nini huandiki namba yako ya simu chini ya picha? Inabandikwa mji mzima.

Akaangalia chai yake. "Hii siyo tangazo, mzee. Nikiandika namba, nitakuwa nimekubali kwamba amepotea."

Sikumsukuma tena. Ila nilielewa kwa nini hakuwahi kubadilisha ile picha, ingawa ziko picha nyingi zenye rangi nne duniani.

Ikapita miaka kadhaa. Akaja mama mmoja mgeni, amehamia kutoka mji wa ng'ambo ya milima, anataka kuunganishiwa maji. Foleni ilikuwa ndefu, akawa anaangaza macho ukutani. Mara akatabasamu.

"Kumbe huku beseni lake zima," akasema.

Nilimtoa kwenye foleni nikamkalisha kwenye benchi. Akaeleza kwamba kule alikuwa anashona kwenye karakana ya fundi cherehani, na ukutani palikuwa na picha hiyo hiyo, ila beseni limekatika, na wenzake walikuwa na utani wa kusema maji yameshamwagika ndiyo maana mama anacheka. Nikampigia Fundi Unga. Alikuja bila mkoba wake. Sikuwahi kumwona bila mkoba kabla ya siku ile.

Hakumuuliza yule mama habari za uso. Aliuliza mstari umepita wapi, kushoto kwa mkono au kulia. Mama akauchora kwa ukucha juu ya picha ya ukutani. Fundi akaketi.

"Ni kwenu, mzee. Mashine ya kwenu tu ndiyo iliyokata beseni, karatasi ile uliyoiweka kaunta."

Kesho yake akapanda basi. Aliporudi nilimwona mlangoni nikajua hajaja na mtu, ila uso wake haukuwa wa mtu aliyerudi mikono mitupu pia. Karakana imekuwa duka la matairi, ukuta umepakwa upya, picha haipo. Lakini fundi cherehani mwenyewe alimpata. Anakumbuka mwanamke mmoja aliyemletea kitambaa cha njano na ile karatasi, akamwambia, nishonee kama hili. Alipokuja kuchukua gauni, akalivaa palepale, akaondoka nalo mwilini. Karatasi ikabaki, wakaibandika.

Alikuwa anafanana na wa kwenye picha? Fundi cherehani akasema yeye hutazama mabega na kiuno, uso wa mteja hana kazi nao. Ila mabega, akasema, ni yaleyale. Hakuongeza wala kupunguza kitu.

Tangu safari hiyo Fundi Unga aliandika namba yake kwenye picha, chini kabisa, kwenye pindo la gauni, tarakimu ndogo kama sisimizi. Mhasibu alipomtania, akasema maandishi madogo nayo ni kipimo. Mashine ikiyachapa hayo yakasomeka, imepona. Na karatasi zenye dosari akaacha kuzikunja. Alikuwa anaziacha kaunta za watu, uso wa picha juu.

Sasa nimestaafu. Yeye bado anapita kunijulia hali, kucha zake rangi zilezile, na simu yake anaiweka juu ya meza mahali anapoiona. Tunazungumza mambo mengine. Lakini mimi kila nikilala mchana narudi kwenye benchi lile. Kwa sababu mwanamke yule, awe nani, alifika ofisini kwetu. Alisimama kaunta, akaichukua ile karatasi yenye mstari, na ile nzima ilikuwa ukutani mbele ya macho yake, nami nimekaa hatua chache, kazi yangu ni kuulizwa.

Nimewauliza wengi, na fundi mwenyewe nimemuuliza, akaisogeza simu yake karibu. Kama alikuwa mpita njia aliyependa gauni tu, sawa. Lakini kama alikuwa ni yeye, amejiona ukutani kwa watu asiowajua, mbona hakuniuliza ni nani aliyemleta pale?