Mguu wa Mbele kwa Mteremko wa Vidunda

Asubuhi ile Editha aliingia Kilosa mjini akipiga kengele tangu darajani, ingawa hapakuwa na mtu wa kumpisha. Furaha ilikuwa imemkaa mikononi. Nyuma, kwenye keria, alibeba gunia la mchele wa wifi yake. Mbele kulikuwa na mguu wa baiskeli, ile shokapu inayoshika tairi, uliokufa kwa kutu, ambao leo, Mungu akipenda, ungeng'olewa na kutupwa.

Alikuwa na miaka arobaini na moja, kibarua wa shamba la mbegu kule Kilangali, mama wa watoto waliokwisha kumpita urefu. Babu yake aliletwa na reli, bibi yake akaletwa na mkonge, na yeye, kama alivyopenda kusema, aliletwa na baiskeli. Alijifunza kupanda akiwa mtoto wa shule, na tangu hapo nyuma yake hapakukosa kitu: maji, kuni, mpunga, mgonjwa, watoto wawili kwa mpigo. Hii ya sasa ilikuwa ya gia, ya mtumba, ya bei ya watu wa kawaida, yenye matairi manene na shokapu mbele tu. Keria aliifunga mwenyewe, kwani baiskeli bila keria aliiona kama nyumba isiyo na mlango.

Jumamosi kulikuwa na mbio. Zinaanzia Mikumi, zinapanda milima ya Vidunda, halafu zinateremka kwa njia ya mawe mpaka Kidodi. Mwaka jana wanawake waliruhusiwa kwa mara ya kwanza, na hakuna hata mmoja aliyeumaliza ule mteremko. Editha ndiye aliyefika mbali kuliko wote. Shokapu yake iliyoganda haikucheza hata kidogo. Kila jiwe lilipanda moja kwa moja hadi viganjani, vidole vikafa ganzi, vikaachia breki, naye akaingia kwenye migomba ya watu. Jioni yake Mathayo, mwenyekiti wa kamati ya mbio, alitangaza kwa upole uliouma kuliko tusi: akina mama wasipomaliza na mwakani, basi, watakimbizwa kwenye lami, kwa usalama wao.

Mmoja tu afike chini juu ya baiskeli yake. Hilo tu ndilo lililotakiwa, na Editha alikuwa hajalala vizuri tangu mwezi uandame kwa kulifikiria.

Fundi Alfred alikuwa na duka la spea karibu na stesheni. Kwenye benchi alikaa mzee Nassir wa Mvumi, akisubiri tairi lake lizibwe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kununua mabawa?"

"Nimekuja kununua mguu."

Alfred alikuwa ameshamwekea miwili juu ya meza. "Yote inaingia kwenye fremu yako, dada Editha. Yote ni ya tairi la ishirini na sita, na breki zako zina pa kufungwa. Nimepima. Sasa uchague."

Mmoja ulikuwa mweupe, mrefu, unang'aa kama sahani ya harusi. Wa pili ulikuwa mweusi, mfupi, mtumba uliochubuka, na juu yake una kifundo cha kuzungusha ili kukaza au kulegeza springi.

Kilosa hakuna anayenunua shokapu bila kuibonyeza. Unaisimamisha sakafuni, unailalia kwa mikono miwili, na waliopo dukani nao wanapokezana, maana kila mtu ana haki ya kutoa maoni. Editha aliulalia mweupe. Ukazama taratibu, ukarudi taratibu, kama mtu anayevuta pumzi usingizini. Moyo wake ukaupenda papo hapo.

Mzee Nassir aliinuka, akaujaribu mweusi. Haukushuka sana. "Huu mchi!" akasema. "Nenda nao nyumbani ukatwangie mpunga."

"Na huo mweupe, mzee?" akauliza Editha.

"Huo godoro la bibi harusi."

Alfred hakucheka sana. "Sikilizeni. Miguu yote miwili bomba lake la juu ni refu, sharti nilikate lienee fremu. Nikishakata sirudishi. Nikikata, dada, hiyo ni ndoa."

"Mimi nimeolewa tayari, Alfred, na hakuna aliyenikata kitu."

Mzee Nassir alicheka hadi akakohoa.

Basi Alfred akaufunga mweupe kwa muda, bomba likiwa zima, nafasi iliyozidi akaijaza kwa pete. Editha akatoka nao, gunia likiwa bado kwenye keria, akavuka reli kwa makusudi, akarudi, akavuka tena. Mataruma, mashimo, mawe ya pembeni, vyote vilikuwa kama vimepakwa siagi! Alirudi dukani anacheka peke yake. Akafungiwa mweusi. Ukatetemeka chini yake kama debe tupu, hata meno yakagongana.

"Mweupe!" akasema kabla hajashuka. "Rudisha mweupe, ukate!"

Mweupe ulikuwa umekwisha kufungwa tena kwenye fremu, na Alfred anatafuta msumeno wa chuma, ndipo wifi yake, Agatha, mama lishe wa sokoni, alipotokea amefunga khanga kiunoni.

"Wifi! Wateja wamekaa mezani, mchele uko dukani kwa fundi! Niwapikie shokapu?"

"Chukua, wifi yangu, usinimeze."

Agatha alilipakia gunia kwenye bodaboda, akaondoka akiendelea kusema. Editha akageuka kwa Alfred. "Mzunguko mmoja. Wa raha tu, halafu ukate."

Safari hii alishuka kuelekea mtoni. Baiskeli ilikuwa nyepesi ajabu, ikakimbia kuliko alivyoizoea. Mbuzi wakakatiza. Akafunga breki. Mguu mweupe ukazama wote, ukagonga chini *ka!*, tairi la nyuma likainuka, na Editha akajikuta kidevu kiko juu ya usukani, miguu imetanda vumbini, anatazamana na beberu.

Hapo ndipo Editha alipoelewa.

"Weka msumeno chini!" alipiga kelele kutoka mbali, akikimbia na baiskeli mkononi. "Alfred, weka chini!"

"Kuna nini?"

"Mchele! Mchele ndio uliokuwa unanivuta nyuma. Mbele hapakuwa na uzito, ndiyo maana nikaona raha. Jumamosi nitabeba mchele mimi? Nimelichagulia gunia shokapu, sikujichagulia mwenyewe!"

Alfred alijipiga kofi kwenye paji la uso. Miaka yote ile wateja wake walijaribu baiskeli na mizigo yao, naye akawa anawaangalia tu. Akaufunga mweusi, akalegeza kifundo kidogo, Editha akashuka mtoni bila mzigo, akafunga breki kwa nguvu. Mguu ukashuka kiasi, ukasimama, ukamshika. Akarudi, wakalegeza tena kidogo. Mara ya tatu alirudi machozi ya furaha yakimlenga.

"Kata," akasema. Na bomba lilipokwisha kukatwa, akasema jambo gumu zaidi: "Na keria toa."

Jumamosi, juu Vidunda, ukungu ulikuwa bado mashambani. Editha alifika kileleni wa nne kati ya wanawake, kifua kinawaka, akageuza baiskeli kuutazama mteremko. Halafu akajiachia. Mawe yakaja. Mguu mweusi ukayameza, moja baada ya jingine, si kwa upole, ila kwa uaminifu; vidole vikabaki vyake, breki ikabaki yake. Akampita mmoja, akampita wa pili aliyekuwa anajifuta goti. Ile migomba ya mwaka jana ilipita kando yake kijani tupu, na yeye anapiga vigelegele peke yake mlimani.

Mbele alikuwapo Imani, binti wa hukohuko Vidunda, anayeijua njia kwa kisigino. Hakumpata. Walifika Kidodi wakifuatana, wote wawili juu ya baiskeli zao, na watu wakapasuka kwa kelele.

Mathayo alimjia mkono mbele. "Hongera, dada. Wawili! Basi mwakani mlima ni wenu, sina neno."

Editha aliupokea mkono lakini macho hayakuwa kwake. Juu kwenye kona ya mwisho vumbi lilikuwa linainuka tena, na ndani yake kulikuwa na gauni jekundu.

"Huyoo, wa tatu!" akapaza sauti, akimwacha mwenyekiti na mkono wake hewani, anakimbilia ukingoni mwa njia. "Usiibane breki, mama, iachie! Iachie ije!"