Rangi za Ziwa pale Karungu

Shule na mimi tuliachana nikiwa darasa la saba, na hakuna aliyelia. Miaka ya tisini, baada ya kuzurura Migori na Sindo, nikajikuta Karungu nikiwasha jenereta ya dada mmoja wa chuo kikuu aliyekuja kulichunguza ziwa. Wavuvi walimwita Daktari kabla chuo chake hakijafikiria kumpa cheo hicho.

Daktari alikuwa na ziwa lake ndani ya kompyuta. Omena, wale dagaa wadogo, walikuwa vitone, boti pembetatu ndogo. Ukibonyeza, miezi inapita na vitone vinaongezeka au vinakwisha. Alikuwa amehangaika kuchagua rangi, omena weupe, mbuta, wale samaki wakubwa wanaowala omena, wekundu, maji ya buluu, kisha akazihifadhi kwenye disketi, katika faili ya peke yake. Nilimuuliza kwa nini asiziweke pamoja na ziwa. Akasema ziwa ni ziwa, na nguo zake ni nguo.

Siku ya mkutano na wavuvi alitaka jambo moja: waache kuvua kwenye ghuba ndogo kwa miezi mitatu, omena wazae. Wakikataa, utafiti wake umekufa.

Akafungua ziwa, akasahau kulivisha. Kila kitone kikatokea kijani, jinsi programu ilivyozoea. Wakati huo gugumaji lilikuwa limefunga ghuba hadi boti zilisukumwa kama mikokoteni. Benchi zima likaguna. Mama mmoja muuza omena akasema majani yamefika hata kwenye kompyuta, sasa imebaki mbinguni.

Daktari akachomeka disketi, akaziita rangi zake. Kijani kikatoweka, ziwa likajaa omena weupe. Shingo zikarefuka benchi zima.

Mzee aliyekuwa mwenyekiti wa wavuvi akasimama. "Nyathina, mwanangu, umeondoa majani na kurudisha samaki kwa kidole kimoja. Ghuba tuifunge ya nini?"

Daktari akaeleza kwamba hakuna kilichobadilika ila rangi. Hapo akaharibu zaidi.

"Kwa hivyo tunaona vile wewe unataka tuone?" mwenyekiti akauliza.

"Ndiyo, jaduong', mzee wetu."

"Na mimi nikitaka vingine?"

Nilidhani Daktari atazima mashine. Akamvutia mzee kiti. "Chagua wewe."

Mwenyekiti akataka boti za Muhuru Bay ziwe nyekundu, kwa sababu ni wezi. Mama akataka mbuta weusi, kwa roho zao. Kila mtu akahifadhiwa rangi zake, na Daktari akazirudisha moja baada ya nyingine, akipitisha miezi ileile huku ghuba ikivuliwa. Kwa rangi za mwenyekiti, vitone vikaisha. Kwa za mama, vikaisha. Wakadai hata kile kijani cha mwanzo, vikaisha vilevile.

Mwenyekiti akayatazama maji matupu. Kisha akampa miezi miwili. Wa tatu akaukatalia katakata: watu nao wanapaswa kuzaana, alisema, na hawawezi wakiwa na njaa.