Mlango Ulionitii Mimi Peke Yangu

Kosa nitakaloliweka wazi hapa ni langu, nalo ni ubabe unaojivika huruma: kumfungia mtu ndani, kisha kujipongeza kwamba unamlinda.

Baba alipoanza kupotea njia ya kurudi kutoka msikitini, mimi, mwanawe pekee aliyebaki Kilwa Masoko, nilinunua kufuli la mlango linaloendeshwa kwa simu. Fundi aliyetoka Lindi kulifunga aliliunganisha na kompyuta yangu ya Windows kwa programu aliyoiweka humo. Kompyuta hiyo ikawa ndiyo kifaa kikuu, chenye mamlaka ya kuikubali au kuikataa simu yoyote itakayotaka kuufungua mlango. Nikazima kitasa cha ndani kisizunguke. Nikaziba mlango wa uani kwa matofali. Mke wangu aliomba simu yake nayo iunganishwe. Nilimjibu kwamba nyumba yenye funguo nyingi haina mlinzi. Nilikuwa nimesoma vitabu vingi kuhusu wafalme walioanguka kwa kugawa madaraka, na nilivisoma vibaya.

Baba hakuniuliza lolote. Siku ya kwanza alikigusa kitasa, kikakataa, akarudi kuketi. Siku ya pili alikigusa tena. Baadaye akaacha, nami nikaandika katika shajara yangu kwamba amezoea.

Hewa ya chumvi ikaiua kompyuta. Sikujali, kwa kuwa simu yangu ilikuwa bado ikiufungua mlango. Kisha jioni moja, mke wangu akiwa Nyangamara kwenye mikorosho yetu, simu ikanitumbukia katika ndoo ya maji. Nilikuwa na nyingine mpya kabatini; nikahamishia laini yangu humo, nikalala. Mlango ulikuwa umekwisha kujifunga wenyewe baada ya isha, kama nilivyouagiza.

Asubuhi lilisikika tangazo la msikitini. Mtani wa baba alikuwa amefariki, na angezikwa baada ya adhuhuri.

Wazee hao wawili walitaniana kwa miaka mingi, na waliahidiana jambo moja: atakayebaki atatangulia kuingia kaburini, alale humo, na agome kutoka mpaka wafiwa wampe jogoo. Masheikh wetu hulikunjia uso jambo hilo, wazee hulifanya. Baba alikuwa amekwisha kusahau majina ya wajukuu zake, lakini ahadi ile hakuisahau. Alivaa kanzu, akashika bakora, akasimama mlangoni.

"Fungua."

Niliibonyeza simu mpya. Ikaniandikia kwamba haitambuliki, na kwamba niombe idhini kwenye kifaa kikuu.

"Fungua, mwanangu. Mwenzangu ananingoja."

"Subiri kidogo, baba."

"Nimesubiri tangu mwezi wa Ramadhani."

Nilimpigia fundi wa Lindi, hakupatikana. Shuleni ninakofundisha kulikuwa na kompyuta, lakini aliyeshika funguo za ofisi alikuwa msibani. Jirani yetu mchomelea vyuma, ambaye angeweza kukata nondo za dirisha, aliniitikia akihema: yumo ndani ya shimo, anachimba kaburi, atakuja wakishazika. Wote niliwaambia maneno yale yale, kwamba ninahitaji kompyuta ya Windows, na kwamba pasipo hiyo hakuna njia. Nilisema kwa uhakika wa mtu aliyefundishwa mara moja na asiulize tena.

Saa tano ikapita. Bati lilikuwa likialika kwa joto. Baba alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye ubao wa mlango. Ndipo nilipokigusa kitasa kile, kwa mara ya kwanza, kwa mkono wa mtu asiye na ruhusa. Kilikuwa cha baridi, na hakikusogea hata kidogo. Sikuweza kumtazama baba.

"Hodi humo! Yule mwizi wa jogoo yuko wapi?"

Alikuwa binti wa kaka wa yule mtani aliyefariki, mama wa makamo anayesimamia nyumba ya wageni njiani kuelekea msikitini. Alikuwa amejifunga kanga za msiba, macho mekundu, na utani mdomoni kama desturi inavyomtaka.

"Maiti kashaoshwa," akasema dirishani. "Anauliza mtani wake kakimbilia wapi."

"Nimefungwa," baba akajibu.

"Umeiba nini tena?"

"Muulize askari wangu huyu." Akanielekezea bakora.

Nilimweleza yule mama yote kupitia nondo, kwa urefu, kama niliyesimama darasani. Nikamalizia kwamba pasipo kompyuta ya Windows haiwezekani.

"Kasema nani?"

"Fundi."

"Mwalimu, mimi pale nina vyumba tisa, vyote hufunguliwa kwa simu hii hii iliyopasuka kioo. Kompyuta sijawahi hata kuifuta vumbi. Hebu niambie, umejaribu kuingia kwenye akaunti ya kufuli yenyewe, kwa mtandao tu, bila hiyo programu ya fundi?"

Sikuwa nimejaribu.

"Nywila unaikumbuka?"

"Naikumbuka."

"Basi pitia kule kule unakosomea magazeti."

Niliingia. Namba ya uthibitisho ikaja kwa ujumbe kwenye laini yangu, nikaiandika, na ukurasa ukafunguka. Vilikuwapo vyote, kimoja chini ya kingine: kufuli, simu iliyozama, na kompyuta, nayo bado ikiitwa kifaa kikuu.

"Futa hiyo kompyuta, uiweke simu mpya mahali pake."

Kidole changu kilisita. "Na nikiifuta, mlango usifunguke tena kabisa?"

"Imekufa, mwalimu. Wafu tunawazika. Fanya haraka, kuna mwingine anangoja."

Nikaifuta. Nikaikubali simu mpya, nikaibonyeza. Kufuli likalia mara moja, mlango ukaachia.

Baba alinipita bila kunitazama. Yule mama akamshika mkono.

"Huyo jogoo mwenyewe mkubwa?" baba akauliza.

"Kakonda kama wewe."

Tulifika makaburini jeneza likiwa limekwisha kutuliwa. Yule mama alikuwa amebaki nyumbani kwa marehemu pamoja na wanawake. Mchomelea vyuma, matope mpaka magotini, akamshusha baba shimoni taratibu. Baba akalala chali katika kanzu yake nyeupe, akakunja mikono kifuani, akafumba macho.

"Toka, mzee, tumzike mwenyewe," wakamwambia.

"Sitoki. Humu kuna nafasi kuliko nyumbani kwangu."

Watu wakaangua kicheko, kwa maana ni utani, na msibani utani hutuliza. Mimi sikucheka. Wakampa jogoo wake, akatoka.

Kabla ya magharibi niliufungua ukurasa ule tena. Nikarudisha kitasa cha ndani kizunguke, nikaagiza kwamba kila mlango ufungukapo simu zilizounganishwa zilie, ili baba atoke apendapo na tujue ametoka. Nikaunganisha simu ya mke wangu, nikampigia Nyangamara kumwomba radhi. Ikabaki nafasi ya simu ya tatu, ya yule mama wa nyumba ya wageni, ambaye baba hupita mbele ya baraza lake kila aendapo kuswali. Ukurasa ukataka jina lake. Nilimpigia kumuuliza niandike lipi.

"Andika lile mnaloniita humo ndani," akasema.

Nikaandika: Mtani.