Mlango wa Rusko

Gergina alikuwa anashika funguo za nyumba kumi na moja, na yake mwenyewe haikuwemo. Wifi yake Minka hakuchoka kumtania: "Wifi, wewe tajiri wa kufungua tu."

Ndiyo kazi yake pale mjini chini ya mlima Pirin. Wageni wanakuja kuteleza kwenye theluji, wanaondoka, Gergina anabaki na mashuka yao. Anatega panya, anakwangua theluji mapaani, anamwaga maji yote yaliyomo bombani ili baridi isije ikapasua mabomba. Nyumba ya saba kwenye kishada cha funguo ilikuwa yake zamani. Waliiuza mumewe Rusko alipougua mapafu, na Mholanzi aliyeinunua, Wouter, akamwomba aendelee kuitunza. Basi akahamia kwa Minka, akawa anapiga hodi kwenye nyumba alimoolewa.

Rusko hakupona. Na huko Bulgaria mtu akifa, karatasi yenye picha na jina lake inabandikwa kwenye mlango wake. Siku ya arobaini inabandikwa nyingine, mwaka ukitimia nyingine, juu ya ile ya zamani. Mlango wenyewe ulikuwa wa msonobari, Rusko aliuchonga kwa mkono wake akiwa bwana harusi. Miaka minne Gergina alibandika hapohapo, na Wouter hakunung'unika. Wageni wengine walidhani yule mwenye masharubu anagombea ubunge.

"Atashinda?" mmoja aliuliza.

"Ameshapita bila kupingwa," Gergina akajibu, akaendelea kufagia.

Shida ilikuwa vichwa. Watu wa pale wakikubali wanapeleka kichwa kushoto na kulia. Wakikataa wanakipeleka juu na chini. Wageni ni kinyume chake. Zamani Gergina aliwahi kuuliza familia nzima kama wanataka supu, wote wakapeleka vichwa juu na chini kwa furaha, naye akairudisha sufuria jikoni. Tangu siku hiyo akajifundisha: mbele ya wageni, kichwa kinakwenda kigeni.

"Ukifika nyumbani kibadilishe," Minka alimwambia. "Viatu si unabadilisha?"

Septemba ile Wouter alikuja. Gergina alikuwa uani anaanika mashuka, vibanio vitatu mdomoni. Wouter, na Kibulgaria chake cha kuokoteza, akasema, "Bi Gergina, mlango umeoza chini, baridi inaingia. Niutoe, niweke mpya? Unakubali?"

Gergina akatikisa kichwa kushoto kulia, kwa nguvu, mpaka vibanio vikagongana. Hapana, hapana, kwa Kiholanzi kabisa, asije akakosea.

Wouter akaweka mkono kifuani. "Asante sana, Bi Gergina. Najua si rahisi."

Muungwana huyu, Gergina akawaza. Amekataliwa na bado anashukuru.

Asilolijua ni kwamba Wouter naye miaka yote hiyo alikuwa akijifunza. Alishajua vichwa vya pale vinakwendaje.

Wiki mbili baadaye ikafika siku ya Rusko, mwaka wa tano. Gergina akaenda na karatasi mpya na kopo la gundi. Akakuta mlango wa chuma, mweupe kama friji. Mafundi wawili walikuwa wanakusanya vifaa vyao, jiko lao la uani bado lina moto.

"Wa zamani uko wapi?"

"Tumechemshia kahawa," fundi mmoja akasema, akitaka kumfurahisha. "Mkavu kwelikweli, mama. Umewaka vizuri."

Gergina akampigia Wouter simu.

"Lakini ulitikisa kichwa!" Wouter akasema.

"Nilitikisa kama kwenu!"

"Na mimi... mimi nilikuelewa kama kwenu."

Gergina akamsikia anavuta kamasi, mwanaume mzima, mbali huko.

"Bandika kwenye huo mpya," Wouter akasema mwishowe. "Ikae mwaka mzima. Mgeni asiyetaka aende kwingine."

Akabandika. Chuma kilikuwa na umande, karatasi ikateleza, Rusko akashuka taratibu mpaka usawa wa kitasa. Gergina akamrudisha juu, akamgandamiza kwa kiganja. Chini yake hapakuwa na Rusko wa mwaka jana, wala wa mwaka juzi.

Minka alipokuja kumtafuta alimkuta bado amesimama hivyo, mafundi wameshaondoka, kiganja kimekuwa chekundu kwa baridi.

"Wifi, toa mkono. Kaka ameshashika."

Gergina akatikisa kichwa.

"Kwetu au kwao?" Minka akauliza, na safari hii hakuwa anatania.

Gergina mkono hakuutoa.