Mwanamke Asiyefika Do ya Juu

Mume wangu hutunga nyimbo kwa kipimo, kama mimi ninavyoshona nguo. Lazima awe na koo la mtu fulani kichwani ndipo kalamu itembee, na kwa miaka ishirini na sita koo hilo lilikuwa langu. Asubuhi anafanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji. Akirudi mchana, kucha bado zina wino, anavuta kiti karibu na cherehani yangu, anafungua daftari la noti na kuniambia, "Mama, hebu nionjee mstari huu." Naacha pindo, naimba sauti ya kwanza, yeye anaingia na ya nne. Kwaya anayoifundisha haijawahi kuimba kitu ambacho hakikupita kinywani mwangu. Na kila wimbo, karibu na mwisho, ulipanda mpaka noti ya do ya juu. "Hiyo ni yako," alikuwa akisema. Nami niliifikia bila kuinuka kitini, mniache nijisifu kidogo.

Basi tangu mwaka huu uanze, hajaniomba mstari hata mmoja.

Si kwamba ameacha kutunga. Ametunga wimbo wa mahafali ya wauguzi, ametunga wa kumuaga mkuu wa shule, na sasa ana kazi ndefu ya sehemu tatu anayoiita "Mikono". Maana siku hizi ana wazimu mpya: anazunguka na simu akirekodi watu wanavyoimba chini chini huku wakifanya kazi. Fundi viatu, kinyozi, mama anayepiga deki hospitalini. Anasema mtu mwenye kazi mkononi haimbi uongo. Sawa, lakini mimi nilitaka kujua jambo moja tu: hizo nyimbo mpya, anampimia nani?

Siku moja akiwa kazini nikalifungua daftari. Asiyejua noti angeona herufi tu, d na r na m. Mimi nazisoma kama jina langu. Katika nyimbo zote tatu, sauti ya kwanza haikuvuka noti ya la. Do ya juu haipo. Halafu mikato, zile alama za kuvuta pumzi, imejaa kila baada ya maneno matatu, manne. Moto ukaniwaka. Mwanamke nilimwona waziwazi pale kwenye karatasi: sauti nzito, pumzi fupi, umri umekwenda. Angekuwa msichana ningelia yakaisha. Lakini kuachwa kwa ajili ya mtu anayehema akipanda ngazi!

Nikaanza kumchunguza. Nikipita na chai, daftari linafungwa. Nikamuuliza kwa sauti ya kawaida, "Mwalimu, ile do ya juu mmeihamishia wapi?"

"Waimbaji wa siku hizi hawaiwezi," akajibu, macho kwenye kikombe.

Miaka ishirini na sita namjua. Akisema kweli hunitazama usoni.

Wiki iliyofuata akasahau simu nyumbani, ipo kwenye chaji. Nikamwita wifi yangu, dada yake, anayekaa nyumba ya pili, nipate shahidi. Tukafungua zile rekodi. Zina majina: Fundi Viatu, Kinyozi, Mama wa Deki. Halafu chini, kumi na moja zinafuatana, zote zimeandikwa "Yeye".

"Umeona?" nikamwambia wifi.

Nikabonyeza. Mwanamke anaimba midomo imefumbwa, sauti iko chini, ina mikwaruzo. Inapanda kidogo, inakatika, anakohoa, anaanza tena chini zaidi kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Na sauti yenyewe hata si nzuri," nikasema.

Wifi akaichukua simu mkononi mwangu. Akairudisha mwanzo, akasikiliza tena.

"Wifi," akasema polepole, "huyu ni wewe."

"Acha utani."

"Sikiliza nyuma yake."

Nyuma yake kulikuwa na cherehani. Pedali inagonga mara tatu, inalia kama mlango, inagonga tena. Pedali hiyo nimemwomba mume wangu aitie mafuta tangu mvua zilizopita. Nikakaa chini.

Mume wangu aliporudi mbio kufuata simu alitukuta hivyo. Wifi akajikumbusha sufuria aliyoiacha jikoni, akaondoka.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

Hakujifanya hajaelewa. "Tangu ule wimbo wa arusi ya jirani. Ulifika juu sauti ikakatika, ukasema ni vumbi la kitambaa. Tulivyorudia ukasema vumbi tena. Nikaona nisikuombe. Nikupime bila wewe kujua."

"Ungeniambia."

"Ningeanzaje?"

"Si ungetafuta koo lingine?"

"Sijui kupima lingine," akasema, na safari hii alinitazama usoni.

Nilifurahi na nikaumia kwa pamoja, sikujua nianze na kipi. Nikaanza na hasira, ndiyo niliyoizoea. Nikamwambia alete daftari. Nikatafuta mstari wa mwisho wa "Mikono", nikachukua ufutio, nikaufuta mkato wa katikati.

"Hapa umenipunja," nikasema. "Hapa napita bila kupumua."

"Haya," akasema, akavuta kiti.

Tukaimba. Yeye ya nne, mimi ya kwanza. Sauti iliniishia noti mbili kabla ya mwisho. Yeye akaendelea peke yake mpaka tamati, anaangalia dirishani.

Nikachukua penseli, nikaurudisha mkato mahali pake.